Naomba ushauri: mavazi ya mpiga bunduki wa mkiani wa ndege ya Lancaster

Ndugu wanachama, nawasalimu kwa heshima. Ninaandaa sanamu ya ukubwa wa mtu ya mpiga bunduki wa mkiani katika ndege ya kivita ya Uingereza aina ya Lancaster, majira ya baridi ya mwaka 1943 kuelekea 1944, nami naomba msaada wenu.

Mtu huyu, mmoja kati ya wahudumu saba, alikaa peke yake penye baridi kali kuliko wenzake, kwa hiyo alivaa nguo za ndani za sufu, sweta, sare, na suti iliyopashwa joto kwa umeme. Mikononi glavu za hariri zilitangulia chini ya nyingine nene, kwa kuwa chuma kilichoganda huweza kung'oa ngozi ya vidole. Juu ya suti hiyo kulikuwa na jaketi okozi la manjano na mikanda ya parachuti, ilhali parachuti yenyewe iliwekwa nje ya kibanda chake cha bunduki kwa sababu ya ufinyu. Je, nikiliacha koti la wanahewa la ngozi ya kondoo liitwalo Irvin, ambalo watazamaji wengi hulitarajia, nitakuwa nimekosea?

Nimepata pia jozi ya buti za mwaka 1943, zile ambazo sehemu ya juu iliweza kukatwa kwa kisu kidogo kilichofichwa ndani, ili mhudumu aliyeangukia nchi ya adui abaki na viatu vya kiraia. Ngozi yake imekauka na kupasuka. Nimeshauriwa niipake mafuta, lakini nahofia kuiharibu moja kwa moja. Aliyewahi kutunza ngozi ya zamani, tafadhali anielekeze kabla sijaigusa.