Siku tatu Lamu: wapi wanaunda majahazi, na niende saa ngapi?

Bahati_Himbi
Jambo wandugu. Mwezi wa kwanza nitatoka Goma kwenda Lamu, kisiwa cha pwani ya Kenya, siku tatu. Vichochoro na ngome nitaviona, lakini ninachotaka hasa ni chombo kikiundwa. Kijiji gani, na nifikeje? Karatasi za safari pia munisaidie.

Kalafati
Ndugu Bahati, nenda Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa. Panga kwa maji, si kwa saa. Njia ya boti inapita kwenye mikoko na kina chake ni kifupi: maji yakipwa unakwama topeni, na kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita. Jioni ya kwanza muulize nahodha gatini maji yatajaa saa ngapi kesho, muondoke yakibaki masaa mawili kujaa. Kila siku kujaa kunachelewa karibu dakika 50, basi saa ya jana haifai. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapwa mbali zaidi. Bei patana kabla ya kupanda: kwenda, kungoja na kurudi. Ijumaa mchana mafundi wako msikitini.

Fundi_wa_Kituku
Ukifika, tazama mataruma kwanza, yaani mbavu za chombo. Yanachongwa kwa tezo, kishoka cha kuchongea, kutoka mti uliojipinda wenyewe, maana nyuzi za mbao zikifuata pindo, taruma halipasuki likipigwa na wimbi. Kisha angalia kalafati: pamba iliyolowa mafuta inashindiliwa kati ya mbao, uzi juu ya uzi. Ikishindiliwa kidogo, chombo kinavuja. Ikizidi, mbao ikivimba majini inasukuma misumari. Chini wanapaka shahamu na chokaa kuzuia mdudu anayetoboa mbao. Huyo anaishi maji ya chumvi, ndiyo sababu sisi wa Kivu hatumjui. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Fundi yuko kazini.

Mama_Safari
Paspoti na kadi ya homa ya manjano. Kenya iliondoa viza kwa Wakongomani 2023. Pita Gisenyi, Kigali, halafu ndege Nairobi hadi Manda, kisiwa jirani chenye uwanja wa ndege. Kutoka hapo ni boti fupi tu kuvuka. Ndege ndogo mara nyingi zinaruhusu mzigo wa kilo 15. Dola zako ziwe safi, zisizochanika. Mwezi wa kwanza ni msimu wa upepo wa kaskazi, kukavu, umechagua vizuri.

Bahati_Himbi
Aksanti sana. Na mtepe, kile chombo cha kale cha kushonwa, bado wanaunda?

Kalafati
Hapana, uliachwa mwanzoni mwa karne ya 20. Ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa mkeka. Ingia makumbusho ya Lamu, hapo hapo ufukoni, uone mfano wake mdogo. Fanya hivyo siku ya kwanza, kabla ya Matondoni: ukiwa umeshaona mshono, utajua msumari ulibadilisha nini.