Tupeane uzoefu: siku Williams alipouawa kwenye Enter the Dragon, ulikuwa wapi?

Wakuu, wa rika langu mtanielewa. Banda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, la mtaani kwetu Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 90, mabenchi ya mbao, jenereta linaunguruma kuliko televisheni. Sheria tuliyoijua ni moja: stelingi, yaani shujaa wa picha, hafi.

Sasa kwenye ile picha walikwenda watatu kisiwani kwa Han, yule adui mkuu: Bruce Lee, yule Mzungu Roper, na Jim Kelly, Mmarekani mweusi mwenye afro kama mwamvuli, akiitwa Williams. Watoto tuligombania kuwa Williams. Jamaa anapigana huku anatania! Halafu Han akamwita, akamsingizia upelelezi ambao si wake, akamuua kwa ule mkono wa chuma. Banda zima kimya. Mwenye banda akatucheka: "Nani kawaambia huyo ndiye stelingi?"

Roper alimaliza picha akiwa mzima. Nyie mlilipokeaje?

Mwana wa Mrima
Mimi kifo sikukijali sana. Kilichonikaa ni pale polisi wawili Wazungu wanapomsimamisha usiku Los Angeles bila kosa, akawachapa na kuondoka na gari lao. Tulishangilia mpaka mabati yakatikisika.

Miaka mingi baadaye niko Marekani, natoka kazini shifti ya usiku, taa za polisi nyuma yangu. Eti gari langu linafanana na linalotafutwa. Wakuu, nilimkumbuka Williams palepale. Nami? Mikono juu ya usukani, "yes sir" kumi na mbili. Waliniachia baada ya nusu saa. Tangu siku hiyo siwezi kuitazama ile sehemu nikacheka.

Bi Mkubwa wa Tanga
Nyie mlikuwa ndani. Sisi wasichana kuingia banda umiza ilikuwa kutafuta fimbo nyumbani. Nilichungulia kwenye tundu la mkeka, jicho moja tu. Nikamwona Su Lin, dada yake Lee, anawatandika wanaume kundi zima, nikasema leo nimepata wangu. Kabla sijahamisha jicho, wamembana, anajiua kwa kipande cha kioo. Kisasi akalipa kaka. Nilinuna wiki nzima.

Baadaye shemeji yangu alileta mkanda wa Hapkido, wa 1972. Huyohuyo Angela Mao aliyecheza Su Lin, safari hii yeye ndiye stelingi. Huo niliutazama sebuleni, miguu juu ya kochi.

Mzee wa Deki
Vijana, mnalia na Williams, sawa, lakini mmesahau nani alikuwa mbele. Bruce Lee kazaliwa San Francisco 1940, na kwenye The Green Hornet, tamthilia ya televisheni ya Marekani, wakampa kazi ya kumwendesha bosi Mzungu. Ilibidi arudi Hong Kong ndipo awe stelingi. Hii Enter the Dragon ya 1973 ndiyo Hollywood ikamweka mbele, naye akafa Julai 20, picha ikatoka Agosti. Hakuiona hata ikifunguliwa.

Mwanzisha mada
Mzee wa Deki, hapo umenimaliza. Bi Mkubwa, lile tundu la mkeka tulikuwa tunaliziba kwa gazeti, tukidhani ni panya.