Jicho la bibi limejaa usaha, wanataka kulitoa na kuweka kigoroli hapohapo, ni salama?

Mjukuu_wa_Rombo: Wakuu habari. Bibi yangu jicho la kushoto halioni miaka mingi sababu ya presha ya macho, sasa kikatoka kidonda kwenye kioo cha jicho, jirani akaleta maji ya majani tukadondoshea, ndo ikawa balaa, usaha mtupu na usiku halali. Daktari kasema hakuna cha kuokoa, watatoa jicho waweke kigoroli cha silikoni. Wadudu bado wamo humo, kuweka kitu kigeni si kufuga ugonjwa?

SistaWodini: Pole sana mkuu. Ulizia kwanza, wanatoa vya ndani au jicho zima? Wakitoa vya ndani, ule ukuta mweupe unabaki na misuli yake, kigoroli kinakaa humo, ndo maana jicho la bandia baadae linacheza kidogo. Jicho zima ni mpaka wakate mshipa unaoenda kwenye ubongo, na kwenye usaha wengi wanaogopa maambukizi yasije yakapanda kichwani. Ila ukuta ukiwa umeoza, au wakihisi saratani, linatoka zima, hapo hamna mjadala. Kwa hiyo ultrasaundi muhimu, maana kwa nje hawaoni kitu.

Kaka Mdigo: Hilo la hapohapo hata mabingwa hawaelewani. Baba mdogo wangu alisafishwa kwanza, akapigwa antibayotiki, kigoroli kikaja baadae, yaani kaingia tiata mara mbili. Wengine wanamaliza siku moja kama usaha uko ndani ya jicho tu haujasambaa pembeni. Hatari yenyewe ni kidonda kuachia, kigoroli kikachungulia au kikatoka kabisa. Mi ningekuwa wewe ningemuuliza daktari hilo la kusambaa tu.

Mjukuu_wa_Rombo: Asanteni. Sasa hicho kigoroli ndo watu watakuwa wanakiona?

SistaWodini: Hapana, kinashonewa ndani hukioni. Juu wanaweka kiganda cha plastiki ili nafasi isisinyae, wiki kama sita hivi uvimbe ukiisha anatengenezewa jicho la bandia la rangi kama la pili, hilo ndo anavua anaosha. Lile jicho linaloona mnunulieni miwani ya polikaboneti, ile plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi, ya kulikinga hata kama haina namba, ndo amebaki nalo hilo. Halafu sukari mmempima? Ikiwa juu kidonda kitasumbua kufunga.