Gari ya juzi tu inabwia wese kama lori la kokoto, nauliza naambiwa "MWENDOKASI IPO"!!!

Mama Krimu (mwenye uzi):

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkikuta herufi zimerukana mnisamehe. Ndo nimetoka pale sasa hivi. Pale pale mnapopajua. Yule yule. Jina silitaji, halina haja, maana ni nani mwenye gari mji huu hajawahi kukalia kile kiti cha plastiki chenye mguu wa kuunga, akisubiri bwana mkubwa amalize supu yake?

Nimenunua gari kwake hata miezi mitatu haijaisha. Namba E. Siti za nyuma bado zina nailoni zake. Ilishuka bandarini imetembea kilometa elfu kumi na tisa, redio mpaka leo inaongea Kijapani. Siku ananiuzia alinibembeleza kama anakuja kuposa: "Dada yangu, injini cc 1,500, lita moja kilometa 20, njia ya sheli utaisahau." Akanionyesha na karatasi ya hukohuko Japani, 20 na ushee imeandikwa kubwaaa. Nikaamini. Mimi natengeneza keki, nasambaza mwenyewe kutoka Mbezi mpaka Mikocheni, mpaka Kariakoo, kukiwa na harusi mpaka Kigamboni. Nikapiga hesabu kila keki itakula mafuta kiasi gani, nikapanga bei, nikawatangazia wateja kwamba usafiri ni bure.

Jamani. Inakunywa. Haionji, INAKUNYWA. Mshale unashuka huku nauangalia, kama ndoo iliyotoboka. Vijana wa sheli ya karibu na nyumbani wameshajua majina ya wanangu wote watatu. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakikaribia kutangaza bei za mafuta, tumbo linanikata tangu Jumatatu.

Na sikukurupuka. Nilijaza mpaka pampu ikakata yenyewe, nikarudisha tripu kwenye sifuri, nikatembea kilometa 287, nikarudi sheli ileile, pampu ileile, nikajaza mpaka ikakata tena. Zimeingia lita 30.5. Gawanyeni wenyewe. Kilometa 9.4 kwa lita! Hata nusu ya ile 20 haifiki! Karibu elfu tisini imeteketea. Dashibodi yenyewe inajisifia 10.1, nayo inanidanganya kwa kiwango chake.

Basi nikabeba daftari langu nikaenda kistaarabu. Shikamoo nimempa. Nikamweleza pole pole. Walikuwepo wateja kama sita, na vijana wake wanaosha magari. Daftari hakuligusa. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba, akachomoa kijiti mdomoni, akasema kwa sauti ya kuita watu msikitini:

"Dada, kama mafuta yanakuuma, mwendokasi ipo."

Mwendokasi ipo! Yaani nikapande basi! Mimi! Niliyemhesabia milioni zake noti kwa noti mpaka meza ikajaa! Kijana aliyekuwa anaosha gari akacheka hadi sponji ikamdondoka. Mwendokasi ipo. Halafu kijiti akakirudisha mdomoni, kilekile.

Nisaidieni, hii gari ina nini? Na yule mtu ana nini?

Kobe wa Chanika:

Mwendokasi ipo 😂😂😂 Nimecheka mpaka konda kaniomba nauli nikampa simu.

Ndinga Kali:

Umepigwa dada. Na umepigwa mchana kweupe.

Mzee wa Namba A:

Kilometa 20 kwa lita, Dar hii hii? Labda kama inavutwa na breakdown. Ungeuliza wakubwa kabla ya kutoa hela.

Mama Krimu:

Kobe, cheka tu, hukuwepo. Hukuona alivyokichomoa kile kijiti, taratibu, kama mtu ana siku nzima ya kunidharau.

Bampa kwa Bampa:

Tuache kijiti kwanza. Foleni unakaa muda gani? AC unawasha? Upepo wa matairi umepima lini? Na ile 20 ujue imepimwa maabara, gari iko juu ya mashine, AC imezimwa, hakuna bodaboda wa kuikatiza. Magari ya kuanzia 2018 hivi, karatasi yao ya Japani chini ya ile namba kubwa ina namba nyingine tatu ndogo: mjini, nje ya mji na barabara kuu. Ya mjini huwa ya chini kuliko hiyo kubwa. Ulionyeshwa hizo tatu?

Mama Krimu:

DOLE GUMBA! Alikuwa ameishika karatasi na dole gumba lipo chini pale pale! Nilidhani ndivyo anavyoshika karatasi! Kumbe ile siku amefunika tatu, na leo anifunikie na mdomo: mwendokasi ipo!

Foleni ni saa moja na nusu kwenda, kurudi sitaki hata kusema. AC haizimwi, mchana wa Januari keki ya krimu bila AC inafika mtori. Matairi anajaza kijana wa pancha hapa jirani.

Mguu Mwepesi:

Tatizo ni dereva. Dada zetu mnakanyaga mafuta kama mnaua mende.

Mama Krimu:

Wewe Mguu, nisikilize vizuri. Natembea na keki ya ghorofa tatu siti ya nyuma. Nikikanyaga kwa fujo, bibi harusi anakata makombo mbele ya wakwe. Hakuna mtu Dar es Salaam nzima anayeondoa gari taratibu kunishinda mimi. Bajaji zinanipita, mikokoteni ya maji inanipita, juzi pale Kwa Msuguri kanipita mzee anasukuma baiskeli ina tairi bovu. Usinirudishe kwenye mguu.

Kobe wa Chanika:

Kama unapitwa na mikokoteni basi kweli mwendokasi ipo 😂

Mpiga Debe Mstaafu:

Nyie mna uhakika ni gari? Kuna sheli moja, mnaijua, sitaki kesi. Tenki langu ni la lita 42. Mshale haujagusa E. Zimeingia lita 47! Nikamuuliza kijana wa pampu, akaniambia "mzee, tenki limetanuka, joto." Limetanuka! Nikamwambia basi na hela zangu zimesinyaa. Tukabishana hadi wenye magari nyuma wakaanza kupiga honi MIMI, badala ya kumpigia yeye.

Ndinga Kali:

Hiyo sheli naijua. Ilinifanya nibadilishe njia ya kwenda kazini.

Bampa kwa Bampa:

Angalieni stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu kabla hamjafungua mfuniko. Isipokuwepo, ondoka. Lakini msimchanganye mwenye uzi, yeye amejaza pampu moja mara zote mbili, kipimo chake kiko sawa.

Mpiga Debe Mstaafu:

Stika ipo, ila lita 47 kwenye tenki la 42 zimeingiaje? Nijibiwe.

Babu Spana:

Binti Krimu, waache hao. Gari yako haina mshale wa joto, au sio? Ina kataa ka bluu, alama ya kipimajoto. Asubuhi ukiwasha, kanazima baada ya muda gani?

Mama Krimu:

Shikamoo babu. Kapo. Natoka Mbezi Mwisho kamewaka, kanazima nikikaribia Kimara Mwisho. Nilijua ndivyo kalivyo. Na babu, Kimara Mwisho ndipo mabasi ya mwendokasi yanapogeuzia! Yaani kila asubuhi sasa nikifika pale nitamuona yeye na kijiti chake!

Babu Spana:

Marahaba. Kwa joto la Dar, hako kataa dakika mbili tatu kanatakiwa kawe kamezima, hata Temboni hujaiona. Hapo themostati imetolewa, naweka spana yangu rehani. Kuna watu gari ikishuka tu wanaifanyia wanachoita sevisi ya kuzoea nchi. Wanachomoa themostati wakidai ni ya nchi za baridi, kisha wanamimina oili 20W-50 kwenye injini iliyoundwa inywe 0W-20, nyepesi kama maji.

Themostati haihusiani na nchi. Ni mlango tu. Injini ikiwa ya baridi unafunga, maji hayaendi kwenye rejeta, yanapata moto haraka. Yakifika nyuzi 82 hivi unafunguka. Ukiuondoa, maji yanapita rejeta tangu unapowasha, na ukishika barabara ya wazi upepo unayapoza zaidi. Kompyuta ya gari ikisoma joto inaona hii injini bado imelala, inaiongezea mafuta. Oili nzito nayo inafanya injini ihangaike kama mtu anakimbia kwenye tope. Niambie na hili: ukisimama kwenye taa nyekundu, injini inajizima yenyewe?

Mama Krimu:

Haijawahi hata siku moja. Nilimuuliza, akasema wameitoa kwa usalama wangu.

Babu Spana:

Haijatolewa. Inasubiri injini ipate joto ndipo ikubali kuzima, na joto haliji. Tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma gari, mchukue mwende njia ya Kibaha, asome joto la maji mkiwa mnatembea. Likicheza 60 na kitu, jibu umepata. Asome na kodi za hitilafu, ukikuta P0128 ndiyo yenyewe. Upepo wa matairi fuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kijana wa pancha anayepima kwa teke. Na mkisimama mguse rimu moja moja, ikiwepo ya moto kuliko wenzake, breki imekamata.

Ila sikupi uongo. Themostati haikurudishii 20. Kwa foleni hiyo na AC ya keki, ukifika 12 au 13 ushukuru Mungu.

Mama Krimu:

SEVISI YA BURE!!! Babu, alinipa kama ZAWADI! "Dada yangu, nimekufanyia sevisi ya bure, nimekumwagia oili mpya, nenda salama." Nilimpelekea keki ya shukrani! Ya vanila, kilo mbili, niliandika jina lake juu kwa rangi ya dhahabu! Amekula keki yangu, amechomoa mlango wa injini yangu, amenimwagia tope ndani, kisha ananisimamisha mbele ya watu sita: mwendokasi ipo! Kile kijiti si ajabu kilikuwa kinatoa mabaki ya keki yangu!

Kobe wa Chanika:

Aliandikiwa jina kwa dhahabu 😂😂 Huyu dada ana moyo. Sisi wanachama wa zamani hatujawahi kuletewa hata kaimati.

Mzee wa Namba A:

Mimi yangu ilitolewa themostati 2009. Inatembea. Naweka maji ya bomba, inatembea. Nyie vijana mnatishwa na mashine.

Babu Spana:

Mzee mwenzangu, rejeta umebadilisha mara ngapi tangu hiyo 2009?

Mzee wa Namba A:

Nne. Lakini rejeta za siku hizi ni feki.

Babu Spana:

Maji ya bomba yanaleta kutu na magamba humo ndani. Rejeta haina kosa.

Mzee wa Namba A:

Maji ya bomba tunakunywa sisi, gari iyakatae?

Tulivu Haibridi:

Nyie endeleeni kugombania maji. Mimi na haibridi yangu kwenye foleni injini imezima, natembelea betri.

Ndinga Kali:

Betri ikifa utakuja hapahapa na uzi mrefu kuliko huu.

Dalali Mwaminifu:

Mama Krimu, kama unaitoa hiyo gari kwa hasira nina mteja mkononi, njoo pembeni tuongee.

Mama Krimu:

SIUZI. Narudi pale na themostati mpya mkononi. Mnaacha kiini cha uzi! Mtu ameambiwa mwendokasi ipo mbele ya watu, nyie mnazungumzia maji ya kunywa!

Mpangaji Mwenza:

Poleni wenye magari. Mimi LUKU, mita ya umeme, ni moja wapangaji watatu. Kuna jirani, yupo humu ndani na anasoma, saa sita usiku anachomeka friji la biashara, alfajiri anachomoa. Mchana anauza maji ya baridi na barafu hana friji! Nimemuuliza barafu inatoka wapi, kaniambia "kwa Mungu".

Mguu Mwepesi:

Kwa Mungu 😂😂😂

Mpiga Debe Mstaafu:

Huyo anafanana na wangu wa pasi. Anawapigia pasi mtaa mzima nguo kwa umeme wetu.

Bampa kwa Bampa:

Wekeni mita ndogo kila chumba, kelele zinaisha siku hiyo hiyo.

Mpangaji Mwenza:

Mwenye nyumba hataki. Unajua kwa nini hataki? Hiyo barafu ananunua yeye.

Mama Krimu:

MREJESHO wakuu. Nimempata fundi wa mashine, tumeenda hadi Kibaha na kurudi. Joto lilikuwa 63, likipanda sana 66. Kodi P0128 imekaa humo kimya. Kafungua nyumba ya themostati mbele ya macho yangu: tupu, ndani kuna gasketi tu. Oili ilitoka nene kama molasi. Matairi ya nyuma yalikuwa psi 24, kibandiko kinasema 33. Kaweka themostati mpya, oili 0W-20, leo asubuhi kataa ka bluu kamezima nimekata tu kona ya barabara kuu, na pale Ubungo taa ilipokuwa nyekundu injini ikajizima. Nilishtuka nikadhani imekufa. Najaza leo, naanza kipimo upya. Kesho naenda kwake na gasketi yake kwenye mfuko.

Kobe wa Chanika:

Hongera sana dada. Mpangaji, hilo friji la barafu lina milango mingapi?