Waliowahi kufungwa pampu ya kupimia vumbi kazini, tupeane uzoefu

MchongaMlango: Assalaam alaykum. Leo nimepita karakana moja ya mbao hapa mjini, nikamwona kijana kafungwa kijipampu kiunoni, mpira umepita mgongoni, kichujio kimebanwa kwenye kola karibu na pua. Nikakumbuka nilipofungwa mimi. Kile kidude kinavuta hewa kama lita mbili kwa dakika zamu nzima, halafu kichujio kinakwenda kupimwa uzito. Siku zote vumbi la mfenesi linatugeuza manjano hadi kope. Siku ya kipimo tajiri katufagiza tangu asubuhi, mashine ya randa imezimwa, sote tumepewa kupaka vanishi! Majibu hatukuonyeshwa mpaka leo. Nani mwengine yamemkuta?

BiMkoani: Kwetu hivyo hivyo. Ghala la karafuu, vumbi la makonyo watu wanakohoa mwezi mzima, wakija wageni milango yote wazi.

FundiGeti: Nyinyi angalau mmepimwa. Sisi wachomeleaji pampu yenyewe hatuijui. Tulipewa kazi ya kuchomelea mabomba yaliyopakwa zinki, ndani ya tangi, mlango wake unaingia kwa kujikunja. Zinki ikipata moto inatoa moshi mweupe mzito, mdomo wote unakuwa ladha ya chuma. Nikaomba feni ya kutolea moshi, msimamizi akasema feni iko ofisini, kuna joto. Magharibi nimerudi nyumbani mzima. Baada ya isha homa ikanipanda, meno yanagongana, kifua kimebana, mke wangu kanifunika blanketi juu ya blanketi na bado natetemeka. Spitali wakapima malaria, hakuna. Wakanipa dawa za maumivu. Akaja daktari mmoja mtu mzima akaniuliza, "Kazi yako nini?" Hakuna aliyeniuliza hilo kabla yake. Akanambia hii ni homa ya moshi wa zinki. Kesho yake ikaondoka yenyewe, lakini mwenzangu niliyekuwa naye ndani ya tangi hakurudi tena kazini, na tajiri hakumuulizia.

Pwani77: Subhanallah. Pole sana kaka.

BiMkoani: Mwenzako yuko hai?

FundiGeti: Yuko hai, anavua sasa. Kifua chake si kile.

BabaChuma: Ungekunywa maziwa kabla ya kuingia. Sisi bandarini ndiyo kinga yetu.

NesiWete: Ami, kwa heshima yako, maziwa yanakwenda tumboni na moshi unakwenda mapafuni. Hayakingi kitu. Vaeni barakoa ya kazi, si ile ya kitambaa, na mnyoe pale inaposhika. Penye ndevu hewa chafu inapita pembeni.

BabaChuma: Nimekunywa maziwa tangu ujana na niko hapa. Halafu ndevu hatunyoi kwa ajili ya tajiri.

NesiWete: Basi musinyoe. Ipo kofia yenye feni ndogo inayopuliza hewa safi usoni, haihitaji kubana. Ghali, lakini ya kununua tajiri. Na hili si la mzaha: vumbi la mbao limethibitishwa kusababisha saratani ya pua, na mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa WHO wakauingiza moshi wa kuchomelea kundi lilo hilo la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani.

KijanaDar: Si muwapigie OSHA tu, wale wakala wa usalama na afya kazini?

Pwani77: OSHA ni ya Bara, kwa Sheria Na. 5 ya 2003. Zanzibar tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini Na. 8 ya 2005 na wakaguzi wetu wenyewe. Kila siku mnatuchanganya.

KijanaDar: Nimeuliza kwa nia njema, sheikh.

MchongaMlango: Tusigombane. Majibu yangu nitayapataje?

NesiWete: Andikeni barua mkiwa wote, asiandike mtu peke yake akaandamwa. Ulizeni siku ile mashine gani zilikuwa zinafanya kazi. Wakisema randa ilizimwa, dai kipimo kirudiwe ikiwa inanguruma.

FundiGeti: Tukiandika tunafukuzwa. Mimi nasema hama kazi.

BiMkoani: Uhame uende wapi? Na akina mama wanaoponda kokoto kwa nyundo huku Pemba, vumbi linawaingia na watoto wao mgongoni, hawana tajiri wa kuandikiwa barua. Anayemjua mkaguzi wa huku Chake aniandikie faraghani, kesho niko mjini.