Kwa nini noti za juu za piano huendelea kulia baada ya kibonyezo kuachiwa?

Muulizaji

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kanisa letu linakusudia kununua piano ya kusimama iliyokwisha kutumika, nami nimepewa jukumu la kuikagua kabla fedha hazijatolewa. Nilipofunua kifuniko cha juu niliona kwamba vile vizuizi vyenye felti, ambavyo huzibana nyuzi na kuzinyamazisha mara mpigaji anapoinua kidole, vinakoma kabla ya kufika mwisho wa upande wa kulia. Kuanzia hapo kila noti huendelea kulia kidogo hata nikigusa kibonyezo na kukiachia papo hapo. Muuzaji anasema ndivyo piano zilivyo. Je, ni kweli, au vizuizi vimeng'olewa?

Fundi wa piano

Muuzaji amesema kweli. Katika vibonyezo 88 vya piano ya kawaida, noti za juu kabisa, ambazo mara nyingi huwa kati ya 18 na 22 kutegemea mtengenezaji, hazina vizuizi tangu kiwandani. Sababu kubwa ni ufupi wa nyuzi zenyewe. Uzi wa noti ya mwisho una urefu wa takriban sentimita 5 tu na hutetema kama mara 4,186 kwa sekunde, ilhali noti ya chini kabisa hutetema mara 27.5. Nishati kidogo iliyomo katika uzi mfupi namna hiyo hupita upesi kwenye ubao wa sauti na kwisha, kwa hiyo noti hufa yenyewe kabla haijaivuruga inayofuata. Nyuzi za besi, ambazo ni ndefu na zimezungushiwa shaba, zingeunguruma kwa sekunde nyingi, na bila vizuizi wimbo wote ungekuwa mvurugano mtupu.

Mwalimu wa fizikia

Naafikiana na fundi, ila sipendi ionekane kwamba nyuzi hizo zimeachwa huru kwa kuwa tu hazina madhara, kwani zina kazi nzuri sana. Kila noti ya piano hubeba ndani yake mitetemo ya juu zaidi: ukipiga Do ya katikati, mtetemo wake wa nane (wenye kasi mara nane ya ule wa msingi) unakaribiana sana na Do iliyo oktava tatu juu yake, ambayo haina kizuizi, nayo huitikia bila kuguswa na nyundo. Ndugu muulizaji anaweza kulithibitisha hilo hapo hapo. Asikanyage pedali yoyote, apige kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya katikati kwa nguvu na kuiachia mara moja, kisha asikilize: kutabaki mng'ao mwembamba wa sauti hewani. Halafu mwenzake azifunike nyuzi zisizo na vizuizi kwa kitambaa kikavu (si kwa kiganja, maana jasho huleta kutu), naye arudie kodi ile ile. Mng'ao utapungua sana, na piano itasikika kavu. Mimi naona huo ndio uzuri ambao kinanda cha umeme cha bei nafuu hukosa.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Basi nitatambuaje kasoro ya kweli ya vizuizi?

Fundi wa piano

Piga noti moja moja kutoka kushoto kwenda kulia, ukiachia kila kibonyezo haraka. Vizuizi vinapaswa kukoma mahali pamoja na visionekane tena baada ya hapo. Ukikuta noti ya katikati inaendelea kulia ilhali jirani zake zimenyamaza, kizuizi chake kina hitilafu: huenda felti imekauka na kuwa ngumu, springi imelegea, au waya unaokishikilia umepinda. Zile noti chache za mwisho zenye vizuizi huwa hazikatiki kabisa hata katika piano isiyo na kasoro, hasa zile za kusimama, kwa hiyo zisikutie hofu. Kasoro nilizozitaja hurekebishika bila gharama kubwa. Kinachostahili kukuzuia kununua ni vigingi vya kukazia nyuzi vilivyolegea kiasi cha kushindwa kushikilia mvuto wa nyuzi, kwa hiyo waombe waisawazishe sauti mbele yako, kisha urudi kuisikiliza baada ya wiki mbili.