Acheni kufundisha watu kuweka tiki ya profaili ya lenzi kwenye kila picha!

Wakuu, hili limezidi. Kila kundi la wapiga picha ushauri ni ule ule: weka tiki kwenye profaili ya lenzi (marekebisho ya programu ya kuhariri picha yanayonyoosha mistari iliyopinda, kung'arisha pembe zenye giza na kuondoa rangi za pembeni), mpe mteja kazi yake. Picha ikiharibika, lawama zinaenda kwa lenzi.

Kamera nyingi za sasa hunyoosha JPEG zenyewe kabla hazijafika kwenye kadi. Ukiongeza profaili juu yake umerekebisha mara mbili: fremu ya mlango iliyokuwa imenyooka inabonyea kwa ndani, na pembe zinang'aa kuliko katikati. Hata RAW nyingi, yaani faili ghafi za kamera, huja na data ya marekebisho ndani ya faili. Ndiyo maana programu ya kuhariri ya darktable inakupa uchague kati ya data hiyo na Lensfun, hifadhidata ya profaili za lenzi. Na lenzi yako isipokuwemo, usichukue yenye jina linalofanana! Toleo la kwanza na la pili la lenzi ya mm 18-55 yanaweza kuwa na vioo tofauti kabisa.

Kinachoudhi zaidi ni kuficha gharama. Pembe yenye giza la stopu 2 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu) imepata robo tu ya mwanga. Programu inazidisha mara 4, na chenga (vijidoa vya picha) zinapanda nao: umepiga ISO 1600 (usikivu wa kamera kwa mwanga) ukumbini, pembeni unatoa chenga za ISO 6400. Vitelezi vya giza na vya kupinda vimetenganishwa kwa sababu. Shusha cha giza.

Kunyoosha nako kunavuta pikseli za pembeni kwenda nje. Kwa lenzi ya mm 16, mashangazi waliosimama mwisho wa mstari kwenye picha ya pamoja wananenepa nyuso. Kama hakuna ukuta wala nguzo nyuma yao, zima kunyoosha. Kama ipo, acha nafasi wakati wa kupiga, maana kingo zitakatwa.

Rangi nazo mnazichanganya. Mstari mwekundu au wa buluu kwenye kingo za vitu vilivyo pembeni mwa picha unatoka safi, kwani programu inalinganisha tu ukubwa wa chaneli za rangi (nyekundu, kijani na buluu). Ile zambarau mbele ya fokasi na kijani nyuma yake ni kasoro nyingine. Hapo programu inanyonya rangi tu, na pindo la zambarau la kitenge cha bibi harusi linageuka kijivu. Tumia brashi palepale penye kasoro, au funga tundu la lenzi kutoka f/1.8 hadi f/2.8 wakati wa kupiga.

Mnaouza kozi, tuonyesheni kabla na baada kwa ukuzaji wa asilimia 100, kwenye pembe. Katikati ya picha hakuna anayebisha.